Boksi la Viatu

Mazungumzo niliyotoa kwa watoto na wazazi wao katika maktaba ya mtaa wetu, Arusha

Wazee wangu, shikamooni. Wa rika langu, habari za mchana. Na ninyi watoto mliokaa mkekani, marahaba. Shikamoo yenu niliisikia nikiwa bado mlangoni.

Mkutubi wetu aliponialika aliniambia, "Bibi, njoo utusimulie ulivyokuwa mdogo." Wengi mnanijua kama bibi wa miparachichi kule mwisho wa barabara, mjane wa mwalimu. Wachache mnajua kwamba nilizaliwa Chicago, Marekani, Februari 1946. Nilikuja nchi hii Juni 1974, wakati wa Kongamano la Sita la Pan-Afrika pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikiwa na tiketi ya kwenda na kurudi. Nusu ya kurudi ninayo mpaka leo, ndani ya Biblia ya mama.

Watu wakiambiwa habari za watu weusi wa Marekani wa miaka ile hutegemea kusikia mateso. Yalikuwepo, na nitayataja, maana watoto hawadanganywi. Lakini mimi nilikuwa na utoto wa furaha. Nilipendwa, nilishiba, nilicheza mpaka magoti yakachubuka. Nilishakuwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, ndipo nikaanza kuelewa furaha ile ilitoka wapi. Hilo ndilo nimekuja nalo leo, na nitalianzia kwenye boksi la viatu.

Kila mwaka shule zilipofungwa mwezi wa sita, mama alitupeleka kwa mama yake mzazi, Mississippi, kaka yangu, mimi na mdogo wetu wa kike. Ilikuwa safari ya treni ya usiku kucha. Usiku wa kuamkia siku ya kuondoka hakuna mtoto aliyelala mapema, kwa sababu mama alikuwa anakaanga kuku.

Alikuwa na kikaango cha chuma, cheusi, kizito, alichokuja nacho Chicago kimefungwa ndani ya blanketi. Kuku alikwishakatwa na kulowekwa kwenye maziwa ya mgando tangu asubuhi. Mama alitoa kipande kimoja kimoja, akakigaragaza kwenye unga wa ngano uliochanganywa chumvi na pilipili manga, akakikung'uta, akakilaza taratibu kwenye mafuta. Hakukitupa, alikilaza, kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha alisikiliza. Alikuwa anajua kwa sikio kuku amefikia wapi: mwanzoni mafuta yanapiga kelele, katikati yanaguna, mwishoni yananong'ona. Yakianza kunong'ona, anatoa. Vipande vilipangwa juu ya karatasi za kaki vipoe kabisa, kwa kuwa kuku akifungwa wa moto anatoa jasho na ganda lake linalegea. Hapo ndipo tulipopata taabu, kukaa na harufu ile saa nzima huku tumekatazwa kugusa.

Halafu boksi lilishushwa kutoka juu ya kabati, boksi la viatu. Mama alilitandika karatasi ya nta. Kuku alikaa chini, juu yake mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, pembeni vipande vya keki ya siagi, na matunda kama yapo. Mwisho chumvi, kidogo tu, kwenye kipande cha karatasi kilichosokotwa ncha mbili kama pipi. Kusokota chumvi ilikuwa kazi yangu. Boksi likafungwa kamba, na fundo la mama halikufunguliwa na mtu mwingine.

Ndani ya behewa kila familia ilikuwa na boksi lake. Ulifika wakati, hakuna aliyeutangaza, kamba zikaanza kufunguliwa huku na huku. Mama wa kiti cha mbele anageuka: "Mwanangu, onja wa kwangu, mimi naweka pilipili." Mzee mmoja ana samaki. Mwingine ana pai ya viazi vitamu anaigawa kwa kisu cha mfukoni. Watu waliokuwa hawajuani stesheni wanagundua kwamba shangazi wa huyu alisali kanisa moja na mjomba wa yule. Mtu anaanzisha wimbo, wa pili anadakia. Mimi nililala kichwa kikiwa mapajani mwa mama, vidole vyangu vinanukia kuku, behewa zima linaimba polepole. Nimekaa kwenye karamu nyingi tangu wakati huo, za harusi, za serikali, na sijawahi kukaa kwenye karamu iliyozidi ile.

Kuna jambo moja la safari zile ambalo kwa udogo wangu nililiona ni sehemu ya mchezo. Tulipokaribia Cairo, mji ulioko ncha ya kusini ya jimbo la Illinois, mito ya Ohio na Mississippi inapokutana, mama alitutikisa. "Amkeni. Tunahamia behewa la watu wetu. Huko ndiko kwenye nyimbo." Tukabeba vitu vyetu, nusu usingizini, tukaenda mbele, kwenye behewa lililo nyuma ya injini, lenye joto zaidi na moshi zaidi na viti vigumu zaidi. Na kweli, huko ndiko kulikokuwa na nyimbo. Mama hakusema uongo.

Niwaambie na nyumbani kwetu palivyokuwa. Wazazi wangu walihama Mississippi mwaka 1941. Katika miaka kama sitini, kuanzia miaka ya 1910 mpaka 1970, watu weusi wapatao milioni sita waliyaacha majimbo ya kusini wakaenda kwenye miji ya kaskazini na magharibi kutafuta kazi na nafasi ya kupumua. Wa Mississippi wengi walikuja Chicago, kwa sababu reli iliwaleta moja kwa moja mpaka pale. Tuliishi upande wa kusini wa jiji, mahali wenyewe tulipopaita Bronzeville.

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja. Jengo lilikuwa la ghorofa tatu, lilijengwa kwa familia chache zenye nafasi, kisha likakatwakatwa vyumba, kila chumba familia, kila familia na jiko dogo la gesi pembeni. Choo na bafu vilikuwa kwenye korido, vya familia sita. Kati ya kitanda cha wazazi na chetu palikuwa na pazia la maua ya njano ambalo mama alilishona mwenyewe. Hatukuwa na friji. Tulikuwa na kabati la barafu, na mwenye gari la barafu alipita mtaani akitazama madirisha. Kila dirisha lilikuwa na kadi ya mraba yenye namba moja kila upande, ratili 25, 50, 75 na 100. Unayoiweka juu ndiyo unayoletewa. Kaka yangu ndiye aliyekuwa mwenye mamlaka ya kugeuza kadi, na aliigeuza kwa heshima kama mtu anayepandisha bendera. Mzee alipanda ngazi na pande la barafu begani, ameligandamiza kwa koleo, maji yanamtiririka mgongoni, na sisi nyuma yake tunaokota vipande vilivyodondoka na kuvitia mdomoni.

Nilidhani watu wote duniani wanaishi chumba kimoja kwa sababu wanapenda kusikiana. Nilisikia baba akikoroma, mdogo wangu akiota, mama akiomba kabla hajazima taa. Baadaye nikasoma kwamba katika mitaa mingi ya Chicago wenye nyumba walikuwa wamewekeana mikataba ya maandishi kutomuuzia wala kutompangishia mtu mweusi, na ndiyo maana maelfu ya familia walibanwa kwenye ukanda ule mmoja na kulipishwa kodi kubwa kwa chumba kibovu. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba mahakama haziwezi kuilazimisha mikataba ile ifuatwe. Sisi tulihama mwaka 1953 tukaenda kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule, na choo chetu wenyewe. Mama aligusa kila ukuta. Usiku ule nililia mpaka baba akaja kuniuliza ninaumwa nini. Nilikuwa sisikii mtu yeyote akipumua. Akachukua godoro letu akaliburuta mpaka chumbani kwao, tukalala hapo wiki nzima, watu watano, katika nyumba waliyoingoja miaka kumi na miwili.

Baba alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala. Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda vya abiria, kubeba mizigo yao, kung'arisha viatu vyao usiku wakiwa wamelala, na kuwaamsha kwenye stesheni zao. Alikuwa hayupo siku nne, tano, kisha anarudi siku mbili. Kitanda alichotandika baba unaweza kudondosha sarafu juu yake ikaruka. Alitufundisha wote watatu, na wajukuu zangu nao wanajua: kunja pembe kwanza, vuta, ingiza, pitisha kiganja mara moja, usirudie.

Baba aliporudi kutoka safari kulikuwa na utaratibu. Mama alitupanga mstari mlangoni, kuanzia mkubwa. Baba akiingia, kila mmoja anamwambia "Karibu nyumbani" na kulitaja jina kamili la baba, la kwanza, la katikati na la ukoo. Kila mmoja kwa zamu. Baba anavua kofia kwa kila mmoja, anaitikia, anapeana naye mkono. Mdogo wangu alipokuwa na miaka miwili alishindwa kulitamka lote, baba akapiga magoti akalirudia naye silabi kwa silabi mpaka likakaa.

Tuliupenda sana mchezo ule. Nilipokuwa msichana mkubwa ndipo mama aliponieleza kwamba kwenye mabehewa abiria wengi hawakujishughulisha kumwuliza mhudumu jina lake. Wahudumu wote, maelfu yao, waliitwa George, kwa kuwa mtu aliyeanzisha mabehewa yale aliitwa George. Siku tano baba aliitwa jina la mtu mwingine. Mama akaamua kwamba kitu cha kwanza masikio yake yatakachosikia akifika kwake ni jina alilopewa na mama yake, na litatoka vinywani mwa watoto wake. Sikumbuki kuona baba akionekana mnyonge mlangoni. Kila mara aliingia kama mtu aliyetunukiwa kitu.

Ukutani kwetu palikuwa na picha mbili, ya Yesu na ya A. Philip Randolph, aliyekiongoza chama cha wahudumu wale tangu kilipoundwa mwaka 1925 mpaka kikapata mkataba na mwajiri mwaka 1937. Nikiwa mdogo nilidhani ni ndugu.

Jumamosi jioni ilikuwa ya nywele. Akina mama, hili mnalijua. Kitana cha chuma juu ya moto wa jiko, kopo la mafuta ya mgando, taulo mabegani. Mimi nakaa kwenye kigoda kati ya magoti ya mama. Kitana kikipata moto, mama anakijaribu kwanza kwenye kipande cha gazeti; gazeti likigeuka rangi anakipunga hewani, anasubiri, anajaribu tena. "Shika sikio." Nalikunja sikio langu kwa vidole viwili na kuacha kupumua. Joto linapita karibu na shingo, mafuta yanachacharika, na kile kimoshi chenye harufu ya nywele na vaselini ni harufu ambayo hata leo nikiisikia saluni ya mjini nasimama kidogo mlangoni. Lakini tulichokipenda ni maneno. Mama hakuwa msemaji siku nyingine. Jumamosi, mikono yake ikiwa kichwani mwangu, alisimulia: bibi yake aliyezaliwa utumwani, nyumbu wa babu aliyekataa kuvuka daraja, msichana rafiki yake aliyekufa kwa homa. Ukoo wangu wote niliupokea nikiwa nimeinamisha kichwa, sioni uso wa anayesimulia.

Kesho yake kanisani. Hotuba yangu ya kwanza maishani niliitoa huko, siku ya Pasaka, nikiwa na miaka minne. Ndiyo desturi ya makanisa yetu: kila mtoto anapewa mistari yake ya Pasaka na anasimama mbele ya watu wote kuisema. Nilipewa mistari minne. Nilisema miwili, ya tatu ikapotea. Nikasimama pale na gauni langu jipya. Kanisa halikucheka. Sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma, "Chukua muda wako, mtoto," na nyingine, "Tupo na wewe." Kanisa zima likaningoja. Mstari ukarudi. Nimesimama mbele ya watu mara nyingi sana tangu hapo, na leo tena, na kila mara nasikia zile sauti mbili nyuma yangu.

Chakula cha Jumapili mngekitambua. Siku ya kwanza nilipoingia soko la hapa mjini nikakuta bamia, kunde, na mafungu ya sukuma wiki, nilikaa chini kwenye gunia la mtu nikalia, mwenye gunia akaniletea maji. Bibi yangu Mississippi alilima hizo hizo. Kunde kwetu ndicho chakula cha mwaka mpya, huwezi kuuanza mwaka bila kunde. Na huyo bibi, jina tulilomwita ukilitafsiri neno kwa neno ni Mama Mkubwa, kwa hiyo huku nilipoambiwa na mume wangu nimsalimie mama mkubwa wake nilitegemea kuona kikongwe.

Nimekuja kuzungumza maktabani, basi niizungumzie na maktaba yetu. Ilikuwa kwenye kona ya Michigan Avenue na mtaa wa 48, imefunguliwa tangu 1932. Aliyeiongoza ni Vivian Harsh, mtu mweusi wa kwanza kuongoza tawi la maktaba ya umma Chicago, na upande wa watoto alikuwepo Charlemae Rollins. Watoto, huyu mama alikuwa msimulizi. Vitabu vingi vya wakati ule, mtoto mweusi akionekana ndani basi amechorwa kwa dhihaka, anazungumzishwa kijinga. Yeye aliwaandikia wachapishaji, aliwaandalia walimu na wakutubi mwongozo wa vitabu vya kuchagua na vya kukataa, na sisi watoto hatukuyajua hayo. Tulichokijua ni kwamba kwenye mashubaka yake kila kitabu tulichokishika kilitupenda. Tuliketi sakafuni kama ninyi hapa. Alianza kwa sauti ndogo ili tunyamaze wenyewe. Kaka yangu, mtu wa mpira na ugomvi, alikuwa anapiga mbio kutoka shule ili apate nafasi ya mbele.

Nitapita haraka kwenye mengine maana naona saa. Usiku wa joto kali mwezi wa saba, chumba hakilaliki, mtaa mzima ulibeba mashuka na mito ukaenda kulala kwenye nyasi za Washington Park, mamia ya watu chini ya nyota, na hakuna aliyefunga mlango nyumbani kwa hofu. Mwezi wa nane kulikuwa na gwaride la Bud Billiken, lililoanzishwa na gazeti la Chicago Defender mwaka 1929 kwa ajili ya watoto, bendi na bendi, na aiskrimu mwisho wake. Tuliruka kamba mbili kwa wakati mmoja, zikizungushwa kinyume. Televisheni ilianza kuingia; mwaka 1950 haikufika nyumba moja kati ya kumi Marekani, miaka kumi baadaye ilikuwa karibu nyumba tisa kati ya kumi. Jirani yetu alikuwa wa kwanza, na mtu mweusi akitokea kwenye kioo, jirani alifungua mlango akaita kwa sauti, "Njooni, yupo wa kwetu!" Korido nzima ilikimbia. Mara nyingi tulifika ameshaondoka, tukabaki tunaelezwa alivyovaa.

Sasa mwaka 1955, ambao siwezi kuuruka. Nilikuwa na miaka tisa. Agosti ile sisi watatu tulikuwa kwa bibi, karibu na mji wa Durant. Katika jimbo hilo hilo alikuwa amekuja mvulana mwingine wa Chicago, kwa treni kama sisi, kutembelea ndugu zake kama sisi. Emmett Till, miaka 14. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Agosti wazungu walimchukua kutoka nyumba ya mjomba wa mama yake, wakamtesa, wakamwua, wakamtupa mtoni, wakidai alimkosea heshima mwanamke mzungu dukani. Wauaji waliachiwa mahakamani na baraza la waamuzi wazungu watupu. Mama yake aliamua jeneza libaki wazi Chicago ili ulimwengu uone alivyofanywa mwanawe, na makumi ya maelfu ya watu wakapanga foleni kumwona. Mama alipanga foleni. Aliporudi alikaa kitandani na kofia yake kichwani mpaka giza likaingia.

Lakini sisi watoto hatukujua kitu. Tulichokiona ni baba ametokea kwa bibi ghafla, hana sare ya kazi, anasema amekuja kutuchukua mapema kwa sababu ametukumbuka. Tulifurahi mno. Bibi akatufungia boksi. Treni nzima ilikuwa kimya usiku ule, hakuna aliyeimba. Baba alituweka upande wa dirishani, yeye akakaa kiti cha mwisho, cha njiani, na akatuanzishia mchezo wa kuhesabu taa za nje. Atakayefika taa mia atapewa mgongo wa kuku. Nilihesabu, nikasinzia, nikashtuka, kila niliposhtuka nikamwona yuko macho. "Mimi niko sitini na tatu," ananinong'oneza. "Wewe?" Nikalala tena. Nilifika Chicago nikijua kwamba nimetoka kwenye safari nzuri kuliko zote, kwa sababu baba, ambaye siku zote alikuwa akiwahudumia watu wengine treni ikitembea, safari ile alikuwa wetu peke yetu.

Hayo ndiyo niliyoyakuta nilipokuja kuufungua utoto wangu nikiwa mtu mzima. Nyuma ya karibu kila tamu niliyoila palikuwa na ukuta, na mbele ya ukuta alikuwa amesimama mama au baba, ameupa ukuta mgongo, anatutazama sisi, anatabasamu. Hawakutuficha maisha yote. Tulipokua walitueleza, jambo kwa jambo. Ila walikataa katakata chuki ya watu iwe ndiyo kumbukumbu yetu ya kwanza. Walitaka ya kwanza iwe kuku.

Maana nadhani wakubwa mlishaelewa boksi lilikuwa la nini. Watoto, kwenye treni zile kulikuwa na behewa la chakula, lenye vitambaa vyeupe na maua mezani. Watu wetu hawakuruhusiwa kukaa humo, au walisubirishwa mpaka wazungu wote wamalize, au walikaa nyuma ya pazia. Mama hakutaka kutupitisha kwenye pazia. Akakaanga kuku. Ubaguzi huo huo ndio uliotuhamisha behewa pale Cairo. Novemba 1955 tume ya serikali iliyosimamia reli iliamuru ubaguzi uondolewe kwenye treni zinazovuka majimbo, kuanzia Januari iliyofuata. Tuliporudi kwa bibi mwaka 1958 milango ya behewa la chakula ilikuwa wazi kisheria. Mama alikaanga kuku vile vile. Nikamwuliza kwa nini, akasema, "Wa kwangu ni mtamu zaidi," na kweli alikuwa mtamu.

Baba alifariki 1970. Mama alikuja kunitembelea hapa Tanzania mwaka 1982, akiwa na miaka sitini na saba. Nilimpokea Dar es Salaam, tukalala kwa rafiki yangu siku mbili, na siku ya kupanda treni ya Moshi niliamka nikakuta jiko limeshawashwa. Kikaango hakikuwa chake, maziwa ya mgando aliyaagiza kwa ishara kwa mtoto wa jirani, unga ulikuwa wa shida miaka ile, lakini mafuta yalikuwa yananong'ona. Boksi alishalipata. Akanipa karatasi na chumvi, hakusema neno, nikasokota.

Jioni treni imeshaondoka, mhudumu akapita korido anagonga kengele ya chakula. Nikamwambia mama twende. Akaniuliza twende wapi. Nikamwambia kuna behewa la chakula. Alinitazama kwa muda. Kisha akasimama, akavaa kofia yake, akachukua pochi, akanyoosha gauni kwa viganja vyote viwili.

Kijana wa mle ndani alivuta kiti. "Karibu, mama. Karibu sana." Mama alijua neno hilo moja la Kiswahili, nilikuwa nimemfundisha uwanja wa ndege. Akakaa. Kitambaa cha meza kilikuwa kimefumwa upya mahali pawili. Alipitisha kiganja juu yake mara moja, toka kwake mpaka ukingoni, hakurudia. Aliletewa wali na kuku wa mchuzi, akala wote. Akaomba chai. Akaomba nyingine. Watu wote waliondoka, kijana akaanza kufuta meza za jirani, mama akaomba chai ya tatu, akainywa polepole akitazama nje, na mimi nikamwomba yule kijana kwa macho asituharakishe, naye akaelewa, akazunguka nyuma akatuachia taa.

Tuliporudi chumbani kwetu, kulikuwa na mama mmoja na watoto wawili wamepandia stesheni ya njiani, wamekaa kitanda cha mbele yetu. Mdogo alikuwa analiangalia boksi. Mama akaliweka mapajani, akalifungua lile fundo lake, na kitu cha kwanza alichomkabidhi yule mtoto kilikuwa karatasi ya chumvi, akamwonyesha kwa vidole jinsi ya kuisokotoa.